Gari la Mama Linachemka

Benchi la pale kwenye kona, mbele ya kibanda cha fundi cherehani, linakaliwa na watu watatu na kuvumiliwa na wote. Mguu wake mmoja ni mfupi, na miaka yote chini yake kumekuwa na kipande cha chuma cha duara kilichobonyea hadi hakisaidii kitu. Ukikaa upande huo unashika kikombe hewani, na akiinuka mmoja wengine hujishikilia. Kulia hukaa Kilomita, aliyeendesha teksi miaka thelathini. Katikati ni Injinia, ambaye kazi yake ya maisha ilikuwa kuwasha na kuzima pampu ya maji ya mtaa. Kushoto ni Redio, ambaye hajawahi kuzimwa. Mama Birika huwauzia kahawa na huwasikiliza bila malipo. Fundi cherehani, mwenye benchi, alikuwa amesafiri tangu Jumapili, kwa hiyo hata ile heshima kidogo iliyokuwepo pale ilikuwa imesafiri naye.

Alhamisi, saa tatu na nusu asubuhi, nilisimamisha gari la mama mbele yao likitoa mvuke. Ilikuwa mara ya tatu kuchemka wiki ile. Nilizima injini, nikafungua boneti, nikawaamkia.

— Marahaba, binti, alisema Redio. Leo umetuletea chai?

Nikawaambia sina muda wa utani. Saa sita mama alikuwa anatoka hospitali, mguu umefungwa plasta kutoka pajani hadi kisigino, na kitanda chake tayari kilikuwa na mgonjwa mwingine anayekisubiri. Teksi nilizoulizia zilikuwa ndogo. Kiti cha nyuma cha gari letu ndicho pekee ambacho angeweza kuulaza mguu juu yake. Nilikuwa nimekipima kwa utepe. Lakini fundi wa gereji, kwa maelezo niliyompa kwenye simu, alisema gasketi, kile kizibo cha ndani ya injini, imeungua. Angekuja saa tano kulivuta, aifungue injini yote, na Jumatatu nikalichukue.

Injinia alitaka kujua ugonjwa ulianzaje. Nikatoa daftari. Jumatatu mshale wa joto ulipanda kidogo, nikasimama hapa hapa. Tukangoja injini ipoe, Injinia mwenyewe akafungua rejeta, akaongeza nusu lita ya maji, akafunga. Jumanne gari likachemka, nikaongeza lita moja na nusu. Jumatano, lita mbili. Chini ya gari hakuna hata tone. Feni inazunguka. Mipira yote ya maji ni mikavu.

— Gari lina faili nene kuliko mgonjwa mwenyewe, alisema Redio.

— Ni pampu, alisema Injinia.

— Kwako wewe kila kitu ni pampu, alisema Kilomita. Hata mkeo akinuna utasema pampu.

— Mke wangu akinuna, presha inapanda. Na presha inatoka wapi?

Kilomita yeye alisema ni thamostati, kile kidude kinachofungulia maji njia injini ikipata moto. Teksi yake alikitoa na kukitupa, ikatembea miaka minane bila kulalamika. Nilipomuuliza baada ya miaka minane ilikuwaje, akaomba kahawa nyingine.

Kuanzia hapo kila hoja ilipanda juu ya bega la nyingine. Redio alisema kosa ni la lami mpya: nyeusi mno, inanyonya jua tangu asubuhi, na injini iko tumboni mwa gari, karibu na chini, basi inaungua kama mtu aliyelalia sahani ya bati. Kilomita akasema hapana, gari linamkumbuka mwenyewe. Gari linamjua mtu wake. Teksi yake ilikuwa haiwaki shemeji yake akishika usukani, na shemeji alikuwa mtu mzuri tu, hana kosa. Injinia aliwasikiliza wote kwa huruma, kisha akatangaza kwamba tangu yeye astaafu, maji ya mtaa huu yamekuwa mepesi.

— Maji mepesi ndiyo yakoje, baba? nikauliza.

— Maji yasiyo na subira. Yakiguswa na moto kidogo tu, yanaondoka.

Ilikuwa saa nne na dakika tano.

— Wazee wangu, nikasema, mimi nataka kujua kitu kimoja. Injini ifunguliwe au isifunguliwe?

Wote watatu walisema ifunguliwe, kila mmoja kwa sababu yake. Mama Birika alinipa kahawa bila kuniuliza, akanikalisha kwenye ncha ya benchi, upande wa ule mguu mfupi. Nikaweka kikombe pembeni yangu, nikaanza kuandika ujumbe wa kuiomba hospitali imwache mama hadi jioni.

Sikuumaliza. Fundi cherehani alitokea na begi begani, vumbi la safari hadi kwenye nyusi. Nikampisha. Akapewa kahawa, akakaa polepole kama anavyokaa siku zote, kikombe hewani, mguu mmoja mbele wa kujizuia. Akangoja. Akainuka kidogo, akakaa tena kwa kishindo.

— Hili benchi limeacha kuyumba tangu lini? akauliza.

Kilomita akamtazama Injinia. Injinia akamtazama Redio. Redio, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alikuwa amezimwa.

Mimi nilikumbuka Jumatatu. Walipoinuka wote watatu kwa pamoja kuja kutazama injini, benchi lilianguka. Nikapiga magoti. Chini ya mguu mfupi kulikuwa na kifuniko cha rejeta, kizima, mpira wake mweusi na springi imara.

Nikaenda kwenye gari. Injini ilikuwa imepoa. Hata hivyo nilishika kwa kitambaa, nikazungusha kidogo tu, na kifuniko kikatoka kirahisi kama cha kopo la sukari. Springi yake ilikuwa imekufa. Upande mmoja ulikuwa umebonyezwa bapa na mguu wa benchi. Nilikuwa nimekifungua kwa mikono yangu Jumanne na Jumatano, nikaandika lita, na sikukitazama.

— Hicho ni cha teksi yangu, alisema Kilomita taratibu, kama aliyekutana na jamaa yake ugenini.

Injinia akatueleza kwamba kifuniko kizima hubana presha ndani ya rejeta ili maji yasichemke mapema. Kilichochoka huyaachia yatoke kidogo kidogo kwa mvuke, njiani, ndiyo maana hukuti tone chini ya gari. Alieleza vizuri sana, kwa dakika nzima, kabla hajakumbuka ni nani aliyefunga rejeta Jumatatu.

— Endelea, alisema fundi cherehani. Tumefika kwenye presha.

Redio akakiri kwamba yeye ndiye aliyesimamisha benchi na kusukumia chini ya mguu kifuniko alichokiona karibu, na Injinia akaokota kilichobaki. Nikajaza maji, nikafunga kifuniko chetu, nikawasha injini na kuiacha iungurume dakika ishirini. Mshale ulipanda hadi katikati, ukatulia hapo. Nikampigia fundi wa gereji asije.

Saa sita na dakika arobaini nilipita tena kwenye kona ile, polepole. Mama alikuwa amelala nyuma, mguu juu ya mito miwili. Kilomita alikataa kifuniko cha teksi yake kirudi chini ya benchi, na fundi cherehani alikuwa ameshatoa hukumu. Walikuwa wamekaa watatu, vikombe mkononi, na Injinia amechuchumaa kwenye ncha, amelishikilia benchi kwa mkono mmoja lisiyumbe.

Mama aliinua kichwa, akawatazama hadi tukawapita.

— Yule mzee anafanya nini pale chini?

— Anatengeneza gari letu, nikamwambia.