Ioteba Mikaere na Waya wa Nei Kinaai

Baada ya miaka thelathini na moja ya kufunga umeme wa jua majumbani hapa kisiwani Abaiang, Kiribati, fundi wetu Ioteba Mikaere anastaafu rasmi tarehe 30 Juni.

Kwa kupanga, hana mpinzani. Kabla ya kugusa paneli aliketi na wenye nyumba, akawauliza watawasha nini, saa ngapi, na mwakani wataongeza nini. Mchungaji mmoja alisahau kutaja pasi ya umeme. Ioteba aliiona uvunguni akaanza hesabu upya. Tunamtania mpaka leo.

Ameomba wasifu huu usiishie kwenye sifa, nami namtii shingo upande.

Mwaka wa kumi na tisa wa kazi, alimfungia Nei Kinaai (Nei kwetu ni kama Bi), mgonjwa wa kisukari, paneli nne na betri mbili, za kutosha friji ndogo ya insulini na taa moja. Haukupita mwezi, shemeji wa Kinaai akaja na bubuti, lile ombi la ndugu ambalo kwetu kulikataa ni aibu ya ukoo mzima. Alitaka waya wa kulisha friza yake ya samaki kutoka betri za Kinaai. Kinaai akakubali. Ioteba alipiga hesabu, akasema wasubiri meli ilete paneli nne zaidi na betri. Shemeji akamgeuzia yeye bubuti ileile. Ioteba akaunganisha, kisha akaenda kisiwa kingine kikazi.

Mawingu yalikaa majuma matatu. Kinaai aliona haya kumwambia shemeji achomoe. Betri zikafa, dawa ikaharibika, naye akafariki. Msibani Ioteba alisimama mbele ya wanawe akasema, "Waya niliunganisha mimi, na hesabu nilikuwa naijua."

Tangu hapo, kwenye nyumba yenye dawa hakuongeza hata taa kabla vifaa havijafika. Aliitwa mchoyo. Dada yake hakumsemesha miaka miwili. Lakini nyumba kumi na moja zina insulini baridi.

Nyumba hizo sasa nimekabidhiwa mimi, fundi ninayemrithi. Juzi mjomba aliyenilea alikuja kuomba waya kutoka kwa jirani yake mwenye kisukari. Nilikataa. Akasema, "Kumbe nimelea mtoto wa watu," akaondoka bila kugusa samaki niliyemwandalia. Nililia sana.

Ahsante, mzee wetu, kwa yote. Kaa na wajukuu, ule, ulale usingizi wako. Ule waya sikuunganisha.