Nilivyomshika Kichwa Mdogo Wangu

Ilianza Jumatano, saa tisa na dakika kumi alasiri, nilipoingia nyumbani kutoka shuleni. Ndugu zangu, mnanijua, mimi si wa kusema mbele za watu, kwa hiyo nasoma nilivyoandika kwenye daftari langu.

Mdogo wangu wa miezi minane alikuwa anachemka, anahema kama aliyepandishwa kilima mbio. Mafua makali yalikuwa yameenea Nyakasimbi nzima. Lakini shangazi alikuwa ameshamleta mama mmoja anayeng'oa meno ya nailoni. Wengi wetu tunaamini hivyo: mtoto akipata homa, kuna meno mabaya chini ya fizi, yachimbwe.

"Wewe, shika kichwa," shangazi akaniambia.

Nikashika. Sitadanganya mbele ya Mungu. Nilishika kwa nguvu. Spoki ya baiskeli ikazama kwenye fizi, nikasikia nyama ikichanika. Damu ikanitiririkia mikononi.

"La kwanza hilo!" yule mama akasema. "Mgeuze."

Wiki ileile mwalimu wa Biolojia alikuwa ametueleza kuhusu seli za kinga, askari wa mwili. Alisema watafiti wanazipachika kipokezi walichokitengeneza wenyewe, kama jicho jipya, ili zikitambue kirusi cha mafua na kuua zile seli kilizoziingia tu. Kwanza kutambua, ndipo kuua. Na sisi tulikuwa tunachimba mdomo wakati mtoto anakufa kwa kifua.

"Umeutambuaje?" nikauliza. "Huo ugonjwa, umejuaje uko kwenye fizi?"

"Mawe, mama wee! Shule imempanda kichwani huyu. Kwani mimi nina darubini? Mgeuze!" yule mama akafoka.

Nikamng'ata mkono. Nawaambia, nilimng'ata mpaka akaangusha spoki. Shangazi akanipiga mpini wa jembe mgongoni, mara mbili, ya tatu kichwani. Nikamlalia mtoto, nikapigwa hivyohivyo.

Mama alikuwa analia pembeni tangu mwanzo. Ghafla akanyanyuka, akamsukuma wifi yake ukutani.

"Niachieni wanangu!"

Tukapanda bodaboda, midomo ya mtoto imeshakuwa ya kijivu.

Kituo cha afya wakamwekea oksijeni, wakachukua kamasi puani, wakapima. Influenza, yale mafua makali, imeshashuka mapafuni. Nikamuuliza nesi kama wana zile seli zenye vipokezi.

"Hizo bado zinajaribiwa maabara, mwanangu," akasema, wala hakunicheka. "Hapa tuna oksijeni na dawa. Na nyinyi mmewahi."

Namshukuru mwalimu, nesi, dereva wa bodaboda, na mama yangu kuliko wote. Shangazi tumesameheana, yuko hapa, ameniruhusu niseme. Ninalowaombeni ni moja: asiguswe mtoto kwa chuma kabla hajapimwa. Mimi nilishika kichwa kwa sababu niliona aibu kuuliza.

Asubuhi ya pili pale kituo cha afya, mtoto alinyonya kidogo. Nikarudi nyumbani kuchukua nguo, nikasikia mtoto wa jirani naye anachemka, na yule mama wa meno ameitwa. Nikaenda. Nikapiga hodi, nikasema shikamoo, nikasimama katikati ya mlango ili spoki isipite.