Mguu wa Papa Préfet

Benchi letu liko hapa Brussels, kwenye kona ya Mérode, pembeni mwa bustani ya Cinquantenaire, hapo hapo wanapopita Wazungu wa maofisini na vikaptula vyao, wakikimbia Oktoba nzima kana kwamba nyumba zao zinaungua. Sisi hatukimbii. Sisi tunakaa tunakunywa kahawa, na kahawa ni yangu, naichemsha kabla ya kwenda zamu kwenye nyumba ya wazee, ndiyo maana wananiita Maman Thermos ingawa jina langu ni Evaline na kwetu ni Bukoba. Siku hiyo kulikuwa na mgomo, mabasi na tramu vimelala, nikaja kutoka kazini kwa miguu. Nilifika nimekasirika. Pétronille, mwenzangu wa kazi, alikuwa amenilizia begani asubuhi kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Mumewe ni Papa Bertin, tunayemwita Papa Préfet kwa sababu alikuwa mkuu wa sekondari kule Uvira, na hata mkate anakwenda kuununua na tai shingoni. Daktari wa Woluwe amemwambia mishipa ya mguu wake wa kushoto inaziba. Atembee nje kila siku: aende mpaka mguu uanze kuuma, asimame, ukitulia aendelee. Asipotembea sasa, baridi kali ikifika itakuwa kisu, na kisu kinaweza kuondoka na mguu. Papa Préfet amesikia yote hayo, amerudi nyumbani, amekaa.

"Mwambie weye," Pétronille aliniambia. "Mimi hanisikie."

Basi pale benchini nikammiminia Papa Préfet kikombe, nikaanza.

— Papa, habari za mguu nimezisikia. Utaanza kutembea lini?

— Kutembea niende wapi?

— Popote. Zunguka bustani.

— Maman, muntu mukubwa hazunguke. Anatoka fasi, anafika fasi. Kwetu, muntu mwenye anatembea bila kujua kwenye anaenda, famille inafanya réunion juu yake.

— Tena ni automne, majani inaanguka, akadakia Bienaimé, ambaye jina lake la benchi ni Tonton Météo, yaani Mjomba Hali ya Hewa. Yeye haangalii mawingu, anaangalia simu. — Leo ni degrés neuf, tisa tu. Baridi ya hiver haina shida, unaiona inakuya, unavaa. Ya automne iko na unafiki. Haipitie ku kifua. Inapitia ku visigino.

— Daktari amesema nje, nikamwambia.

— Docteur yeye anatumikia ndani, akasema Papa Préfet.

Wa tatu ni Barnaba, Mkenya, mpishi nyumbani kwa balozi mmoja. Sisi tunamwita Ambassador, naye haijawahi kumsumbua.

— Science iko hivi, akasema. Miti ikimwaga majani, inaacha kutoa oxygen. So ile imebaki hapa ni ya kugawana. Hawa wakimbiaji wanaimaliza asubuhi na mapema. Mgonjwa akiingia hapo saa hizi, anapata hewa imetumika.

— Na ile majani yenyewe, akasema Météo. Ikilowana ni sabuni. Commune, serikali ya mtaa, haiyaondoe, inaacha makusudi.

— Makusudi gani?

— Bon. Bantu banaanguka, docteurs banapata kazi. Alors, nani anatuma Papa atembee? Docteur. Jumulisha mwenyewe.

Papa Préfet akaitikia kwa kichwa taratibu, kama anayekubali jibu la mwanafunzi. Hapo ndipo nilipotamani kuchukua thermos yangu niondoke.

— Angalia muti, akaniambia. Automne inafika, muti unafanya nini? Unasimama. Ulishaona muti unafanya jogging? Na uko na miaka cent, mia muzima.

— Mti hauzibi mishipa, Papa.

— Mwenda pole hajikwai. Donc mwenye kukaa, yeye hajikwai hata kidogo. Ni logique.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Mukuu ni mimi, akasema, bila hata kupandisha sauti.

Météo na Ambassador wakaangalia vikombe vyao. Mimi uvumilivu ukanishinda.

— Papa, Pétronille analia. Leo amelia mbele ya watu.

Mwanamke mmoja akapita anakimbia huku anasukuma gari la mtoto. Papa Préfet akamfuata kwa macho mpaka akapotea.

— Najua, akasema. Usiku anawaza nimelala. Anaamuka, anashika ule muguu, anasikia kama uko moto ao baridi. Njo analala tena. Mi ninafunga macho tu.

— Sasa kwa nini hutembei?

— Juu nikianza kuzunguka, bantu batauliza, huyu papa anazunguka nini? Batajibiwa: ni mugonjwa. Hapa nimekaa, niko Préfet.

Hasira yote iliniishia, ikabaki hofu. Nimewahudumia wengi waliokatwa mguu, na wengi wao walianza kwa kukaa hivyo hivyo, na heshima zao. Nikamwongezea kahawa.

Ndipo akatokea kijana mmoja wa umri wa kuoa, begi mgongoni, uso umechoka. Alikuwa ametusikia tukiongea Kiswahili.

— Jambo ba papa. Jambo maman. Naitwa Ushindi, natoka Liège. Nilishuka train ku gare ya Midi, bus hakuna, nikatembea mpaka hapa. Naenda kwa tantine, shangazi yangu, Woluwe-Saint-Lambert, upande wa Georges-Henri. Téléphone imezimika. Ku mguu, napitia wapi?

Tukatazamana.

— Georges-Henri ni hapa tu, akasema Météo. Unapanda bus…

— Bus hakuna, tonton.

— Ni karibu, akasema Ambassador. Unaona kanisa, halafu next stop unashuka.

— Kanisa iko upande gani?

— Inategemea umekaa upande gani wa basi.

Kijana akanigeukia mimi. Ninapita huko kila wiki, na nilichokumbuka ni sauti ya yule mwanamke anayetaja vituo ndani ya basi. Tumezeeka Brussels hii, wote wanne, na hakuna aliyejua kwenda Georges-Henri kwa miguu yake. Ambassador akatoa simu atafute ramani.

— Rudisha ile kintu, akasema Papa Préfet. Mugeni haonyeshwe njia mu téléphone. Weye Ushindi, kwenu ni wapi?

— Uvira, papa. Kavimvira.

Basi. Papa Préfet akaweka kikombe chini, akasimama, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja.

— Mugeni anasindikizwa, akasema. Twende. Njia tutaiuliza. Nitakufikisha paka ku feu rouge, pale ku mataa.

— Papa, degrés… akaanza Météo. Nikamkanyaga.

Wakaondoka. Kwenye duka la mikate mguu ukamkamata, nilimwona. Akasimama mbele ya kioo, mikono nyuma, kama mkaguzi wa keki. Ushindi naye akasimama, mikono nyuma, kwa adabu, akakagua keki. Baadaye wakaendelea. Wakafika taa za barabarani, zikawaka kijani, nikajiambia sasa anageuka. Hakugeuka. Wakavuka wote wawili na tukawapoteza.

Tulingoja sana. Ambassador alisema huenda amekaa mahali. Météo digrii hakuzitaja tena. Mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo, nikijilaumu kwamba sikuwafuata.

Wakarudi. Wote wawili. Papa Préfet jasho linamtoka, tai imelegea, jambo ambalo sijawahi kuliona.

— Tulifika paka ku mulango ya tantine, akasema. Pale na pale nilisimama kidogo, juu ya muguu. Sasa huyu mutoto akakataa nirudi peke yangu.

— Muzee hawezi kuachwa mu njia, akasema Ushindi. Tantine angenichapa.

— Ni vizuri. Ila sasa yeye naye iko peke yake, na giza inakaribia. Ntamurudisha kidogo.

— Kidogo mpaka wapi? akauliza Ambassador.

— Paka ku feu rouge.

Nikawagawia kahawa iliyobaki, thermos ikaisha, wakainuka tena. Walivuka barabara wakibishana juu ya samaki wa ziwani, na safari hii pia hakuna aliyegeuka.

Simu yangu ikalia. Pétronille.

— Ulimwambia?

— Nilimwambia. Amekataa kabisa.

Nikamsikia anavuta pumzi.

— Bon. Iko wapi, kwenye benchi?

— Amekwenda kumsindikiza mgeni, Georges-Henri. Kwa miguu. Ni mara ya pili.

— Evaline, akasema, sauti imeshuka. Naomba muntu asimwambie kwamba anatembea.