Mtunza Bustani Aliyewajua Kekeo

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, katika chumba cha uani nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa mtoto wa tano na kitindamimba. Alisoma hadi darasa la saba. Mwandiko wake uliushinda kwa uzuri hata wa mwalimu, na mwalimu hakumsamehe.

Mwaka 1970 aliajiriwa kutunza bustani ya hospitali, akaifanya kazi hiyo miaka arobaini na mmoja. Huko ndiko alikowajua kekeo, ndege wasiojenga kiota wala kulea. Jike humvizia mnana, ndege mdogo msuka viota, akitoka, akaondoa yai moja, akataga lake na kwenda zake. Kinda lake likianguliwa, hata macho halijafumbua, huyasukuma nje mayai ya mwenyeji, na mnana hulilisha hadi linamzidi kimo. Marehemu aliyaandika haya kwenye daftari, na wageni wote waliokuja kwake walisimuliwa, watake wasitake.

Tarehe 9 Agosti 1976 alimwoa fundi cherehani aliyeshona mashuka ya hospitali hiyohiyo. Mwaka 1979 wakajaliwa binti, ndiye aliyeandika wasifu huu. Binti alipotimiza miaka mitano, mama mmoja aliyetoka kujifungua alifariki wodini na hakuna ndugu aliyejitokeza kumchukua mtoto. Marehemu akarudi nyumbani na kichanga ndani ya shuka. Wakamwita Mdogo.

Na isemwe kweli: binti mkubwa alimwonea wivu, tena wivu wa kumnyima usingizi. Paja la baba lilikuwa lake, likapata mwingine. Mluzi wa kekeo alifundishwa yeye, lakini aliyeupatia ni Mdogo. Akiwa na miaka tisa, binti mkubwa alitia mkono kwenye kiota cha mnana, akatoa yai aliloliona geni, akalivunja. Marehemu alilitazama ganda, kisha akamweleza kwamba lile lilikuwa la mnana mwenyewe. La kekeo lilibaki, likaanguliwa. Binti hakuchapwa, na afadhali angechapwa.

Figo zilianza kumsumbua marehemu mwaka 2019. Mdogo alihamia kwake, akawa anamwogesha na kumlisha. Mkubwa alikuja Jumapili, na hata uuguzi ule aliuonea wivu. Jumapili moja akalitoa la moyoni.

"Baba, wewe ulitagiwa yai tu. Ukalea usiyemzaa, mimi nikasukumwa nje."

"Mnana hajui, mwanangu," marehemu alimjibu polepole. "Mimi nilijua. Na wewe hakukusukuma mtu. Ulitoka mwenyewe."

Alifariki tarehe 11 Juni 2021, saa nne asubuhi, Mdogo akiwa amemshika mkono. Binti mkubwa alipokaa kuandika, aliandika kwamba marehemu ameacha mtoto mmoja. Karatasi ilikaa mezani siku mbili, ndipo akaichana.

Marehemu ameacha mjane, wajukuu watano na mabinti wawili: Mdogo, aliyemfumba macho, na dada yake, anayesoma hapa na ambaye wivu haujamwisha. Apumzike salama, baba yao.