Subiri Kwanza, Mfamasia wa Makao ya Wazee

Marehemu shemeji yangu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Subiri Kwanza, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1947 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa pili kati ya watano. Mama yake alikuwa akisema kwamba hata kuzaliwa alichelewa, eti alitaka kwanza kuhakikisha kwamba nyumba ndiyo yenyewe. Mimi naamini kabisa.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1971 akahitimu ufamasia. Mkuu wa chuo alimsifu kuwa ni kijana makini, ila anachosha. Sisi tulioishi naye hatuna la kuongeza.

Mwaka 1974 alipangiwa kuhudumia makao ya wazee. Wakati huo dawa ziligawiwa kwa namba ya kitanda. Bibi mmoja akahamia kitanda cha dirishani ili aote jua, akapewa vidonge vya kisukari vya mwenzake aliyelala pale kabla yake. Yeye hakuwa na kisukari. Alilegea akiwa mezani, na maji ya sukari ndiyo yaliyomnusuru.

Tangu hapo marehemu hakukubali kidonge kimfikie mzee yeyote mdomoni kabla hajaulizwa jina. Anayeweza ajibu mwenyewe. Asiyeweza ajibiwe na mtu anayemfahamu. Wauguzi walimchoka. Wazee nao walikuja juu: "Mwanangu, jana umeniuliza, leo tena? Kwani nimebadilika?" Naye: "Subiri kwanza, mama. Jina." Alipiga marufuku pia kusaga dawa zote pamoja kwenye kijiko kimoja, na akawarudisha hospitali wazee waliokuwa wakimeza dawa ileile ya presha kutoka kwa madaktari wawili. Kila asubuhi chai ilipoa kwa sababu yake.

Muuguzi mkuu aliyegombana naye kuliko wote ni dada yangu. Walioana tarehe 18 Agosti 1979, na mpaka leo sijui ule ugomvi uligeuka lini. Siku ya ndoa, mfungishaji alipomuuliza kama anamkubali bibi harusi, marehemu akasema, "Subiri kwanza." Mama yetu akashika kifua. Kumbe alitaka jina la dada lisomwe tena, safari hii lote. Dada akamnong'oneza, "Ukinitia aibu nyingine, natoka."

Mwaka jana alipatwa na saratani ya ini. Dada aliposhindwa kumwinua peke yake, marehemu akahamia makao yaleyale. Mnadhani alitulia? Asipoulizwa jina, alifumba mdomo, huku maumivu tunayaona usoni. Nilimkemea: "Shemeji, meza! Nani hapa asiyekujua?" Akanijibu, "Leo wakiacha kuniuliza mimi, kesho hawatamuuliza huyu wa kitanda cha pili." Nilitoka nje nikapige kelele huko.

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, muuguzi alileta dawa ya maumivu akamuuliza jina. Sauti ilikuwa imekwisha. Midomo ilicheza tu. Yule binti akabaki amesimama na kijiko mkononi, machozi yanamtoka, lakini hakumpa. Nilitaka kumnyang'anya. Dada yangu, aliyeipinga kanuni hiyo tangu ujana wake, akainuka kitini, akalitaja jina la mumewe, na la baba yake, na la babu yake. Kisha akasema, "Ni mume wangu. Namfahamu. Mpe."

Marehemu akafungua mdomo. Alifariki mchana wa siku hiyo, maumivu yakiwa yametulia.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mtoto mmoja wa kiume, wajukuu, mimi shemeji yake niliyechoka, na wazee wa makao, ambao asubuhi ya leo wameulizwa majina yao na wamelalamika kama kawaida.

Apumzike kwa amani. Na huko aendako, tafadhali wamuulize jina mlangoni. Wasipomuuliza, haingii.