Mwalimu Leokadia na Bahari ya Krabi

Shemeji yetu Theophil, ndugu wa Dar es Salaam, wa Unguja na wa bara, na ninyi nyote mlioacha mizigo na safari zenu mkafika katika ukumbi huu hapa Guangzhou, China, leo Jumamosi tarehe 19 Juni 1999, mimi naitwa Pius Rwechungura, mdogo wa mwisho wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu. Wiki mbili kabla hajafariki alinishika mkono pale kitandani hospitalini akaniambia, "Pius, usinipambe. Habari ya Krabi uisome yote, Sarah akiwepo." Sarah yupo, na mimi nitaisoma yote.

Marehemu Leokadia Kokushubira Mutalemwa alizaliwa tarehe 14 Agosti 1948 huko Kamachumu, mkoani Kagera, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba wa marehemu Katekista Vincent Rwechungura na marehemu mama yetu Anastazia, ambaye alikuwa akitusimulia kwamba Leokadia, akiwa na miaka mitano tu, alipotea tangu asubuhi hadi saa nane mchana, wanaume wakamtafuta migombani na visimani, kumbe amekaa peke yake ukingoni mwa genge linalotazama ziwa, wala halii, anaangalia tu, na mama alimchapa kwanza ndipo akamkumbatia.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Kamachumu kuanzia mwaka 1956, akaendelea na sekondari ya wasichana mjini Bukoba mwaka 1964 hadi 1967, kisha akachaguliwa kwenda Chuo cha Ualimu Morogoro, alikohitimu Novemba 1969. Januari 1970 alipangiwa Tabora kufundisha Jiografia, akahamishiwa Mwanza mwaka 1974, na huko akafundisha miaka kumi na minane bila kuhama tena. Yumo humu ukumbini mmoja wa wanafunzi wake, ameniambia jana kwamba Mwalimu alikuwa akichora mto Mekong ubaoni kwa chaki, bila kitabu, kutoka milimani hadi baharini, halafu anageuka na kusema, "Mkichora mto mjue kuna mtu anaoga humo." Lakini nyumbani alikuwa akilalamika kwamba anawafundisha watoto wa watu mahali ambapo yeye mwenyewe hajawahi kukanyaga, na jambo hilo lilimuumiza kuliko tulivyofikiri.

Tarehe 6 Oktoba 1973 alifunga ndoa takatifu na Bwana Theophil Mutalemwa, wakati huo Bwana Misitu, na Mungu akawajalia watoto watatu, Rodgers aliyezaliwa 1974, William aliyezaliwa 1977, na Getrude aliyezaliwa 1981, ambao hivi sasa wako Mwanza wakimsubiri mama yao.

Mwaka 1992, baada ya kuacha ualimu kwa hiari, marehemu alianza biashara ya nguo kati ya Mwanza na Bangkok, mji mkuu wa Thailand, akinunua katika soko la Pratunam pamoja na Watanzania wengine waliokuwa huko. Wanaomkumbuka wakati ule wanajua kwamba nguo zikiwa bado kwa mafundi, wenzake walilala vyumbani wakipiga soga, yeye akapanda basi. Alikwenda Kanchanaburi kwenye maporomoko yenye ngazi saba, ambako samaki wadogo huja kumdonoa mtu miguu, akaenda kaskazini kwenye mlima Doi Inthanon, akakuta umande umeganda juu ya majani asubuhi, akaenda Sukhothai kwenye magofu ya wafalme na mabwawa ya mayungiyungi, na hatimaye kusini, Krabi, ambako majabali ya chokaa yamesimama wima katikati ya bahari, marefu kupita mnara wa kanisa, yamevaa miti hadi utosini. Huko, alimwandikia mumewe, ndiko alikokaa ufukweni saa nne nzima akasahau kula.

Tangu Aprili 1993 alianza kuwachukua wafanyabiashara wenzake, watano, sita, wanane kwa safari. Hakutafuta faida, alichotaka ni kwamba mtu asirudi nyumbani anajua ghala na uwanja wa ndege tu. Bi Sihaba Vuai, aliyekaa naye chumba kimoja miaka minne, anakumbuka alivyombishia siku ya kwanza, "Mwalimu, mie kwetu Unguja bahari inanizunguka, ya nini nende kutazama ya wenzangu?" Akaenda, na Bi Sihaba huyu tunayemjua kwa maneno mengi hakufungua mdomo mpaka waliporudi bwenini.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kuparuka.

Jumamosi tarehe 28 Septemba 1996 marehemu alikuwa Krabi na Watanzania watano, akiwemo binti Joyness Mwakalinga wa Tukuyu, mwenye umri wa miaka ishirini na minne, aliyekuwa katika safari yake ya pili ya biashara. Ulikuwa msimu wa mvua, walikuwa wamesubiri siku mbili bahari itulie, na Jumapili ilikuwa lazima wapande basi la kurudi Bangkok. Mwenye boti alitazama anga akatikisa kichwa, akaonyesha kwa mkono kwamba wangoje kesho. Marehemu akamwambia, "Twende tu, ni dakika ishirini." Jaketi za kuelea zilikuwa nne, wao walikuwa sita, na yeye ndiye aliyezigawa, akawapa wanne aliowaona wakubwa kwa umri au wenye hofu, akajiacha yeye mwenyewe kwa kuwa alikulia kando ya ziwa na kuogelea anajua, akamwacha na Joyness kwa kuwa alikuwa kijana mwenye nguvu, anacheka. Hakumuuliza kama anajua kuogelea.

Walifika kwenye majabali salama. Walipokuwa wanarudi, wimbi liliipiga boti ubavuni ikapinduka, wakatoka watu watano na mwenye boti, na Joyness hakuonekana hadi asubuhi ya pili yake, wavuvi walipomleta.

Marehemu aliusindikiza mwili hadi Dar es Salaam, na pale uwanjani wazee wa familia ya Mwakalinga wakamwomba kwa heshima asiendelee hadi Tukuyu, naye akageuka. Aliandika barua kwa mkono wake, nakala yake ninayo, na mstari wa kwanza unasema, "Mimi ndiye niliyesema twende." Barua hiyo haikujibiwa.

Julai 1997 fedha ya Thailand ilipoporomoka na wafanyabiashara wengi kuhamia huku Guangzhou, marehemu alihama nao, akafika Septemba, na mimi nikamfuata mwezi mmoja baadaye ili nimsaidie. Tulikodi chumba ghorofa ya sita nyuma ya stesheni, yeye akinunua nguo na viatu hapa soko la Liuhua, mara mbili kwa mwezi tukipanda basi hadi mji wa Shiling kununua mikoba viwandani, na makontena tukiyasindikiza wenyewe hadi bandari ya Huangpu. Alifanya kazi kama mtu anayeadhibiwa. Wageni waliokuwa wamesikia sifa zake za zamani walipomuuliza wapi pa kwenda kutembea wakati wanasubiri mizigo, aliwajibu kama wauzaji wa sokoni wanavyotujibu sisi wakichoka kubembelezwa, "Mei you," hakuna. Miezi hiyo ya kwanza sikumsikia akitaja mto, mlima wala bahari.

Tarehe 12 Machi 1998, saa nne asubuhi, mlango uligongwa, nikafungua mimi, akaingia mwanamke wa makamo amebeba mkoba mmoja, hakukaa. Akauliza, "Wewe ndiye Mwalimu Leokadia?"

Dada akasema, "Ndimi."

"Mimi naitwa Sarah, dada yake Joyness. Sikuja kukusamehe. Nimekuja uniambie alichokiona."

Dada aliinuka. Kisha akamvutia kiti, akaanza kusema, akasema hadi chai ikapoa mara mbili, akaeleza jinsi maji yalivyokuwa ya kijani karibu na mchanga na jinsi yalivyobadilika mbele, jinsi Joyness alivyokaa mbele kabisa ya boti, amefunga kitambaa chekundu kichwani, na jinsi walipofika chini ya jabali la kwanza alivyoinua uso akauliza, "Mwalimu, nani aliyapanda haya yakaota hivi?" Hapo Sarah akakaa. Walilia wote wawili, kila mmoja upande wake, hawakugusana.

Kila alipokuja Guangzhou kununua bidhaa baada ya siku ile, Sarah alipita nyumbani, na kila alipopita alimwomba marehemu ampeleke Krabi akapaone, na kila mara dada alikataa.

Ugonjwa ulianza Novemba 1998 kwa maumivu ya upande wa kulia na kukosa hamu ya kula, tukadhani ni vidonda vya tumbo, hadi tarehe 21 Januari 1999 alipopimwa hapa Guangzhou ikaonekana ni saratani ya ini, na imekwisha kusambaa. Shemeji Theophil alifika tarehe 9 Februari, ikiwa mara yake ya kwanza kutoka nje ya nchi, akiwa na nia ya kumrudisha mkewe Mwanza. Marehemu alikubali kurudi, lakini akasema wapite Krabi kwanza, pamoja na Sarah.

Shemeji alikataa katakata. Mimi nilikuwepo, na ameniruhusu niseme. Alimwambia, "Mama Rodgers, utanifia njiani. Watoto nitawaambia nini?"

Akajibu, "Uwaambie nilikuwa na deni la kumwonyesha mtu mahali."

Walibishana majuma kadhaa, na katika majuma hayo dada alizidi kukonda, hadi shemeji alipoona kwamba anayemkatalia hatakuwa na siku ya kuomba tena, akakubali. Jumanne baada ya Pasaka, tarehe 6 Aprili 1999, sisi wanne tulikuwa kwenye ufuko wa Krabi, baada ya ndege mbili na gari, bahari imelala kama meza. Dada hakukubali boti iondoke mpaka amehesabu jaketi mara tatu na kufunga mwenyewe mikanda ya jaketi la Sarah, ikachukua muda, na hakuna aliyemharakisha.

Tulifika chini ya jabali lile. Mwenye boti akazima injini. Shemeji Theophil, ambaye maisha yake yote alisema kutalii ni kazi ya Wazungu, alivua kofia. Sarah alitazama juu, akatazama maji, akatazama tena juu, akasema, "Ni pazuri. Nilitaka pawe pabaya."

Dada akamwambia, "Na mimi, mwanangu. Kila siku nataka pawe pabaya."

Tulikaa pale mpaka jua likawa kali mno kwa mgonjwa.

Safari ya Mwanza haikufanyika. Tuliporudi Guangzhou kuchukua vitu vyake tumbo lilijaa maji, daktari akamkataza kupanda ndege, na tarehe 24 Mei akalazwa. Alipokea Sakramenti ya Wagonjwa tarehe 10 Juni, akazungumza na watoto wake wote watatu kwa simu tarehe 13, na Jumatano tarehe 16 Juni 1999, saa kumi na moja jioni, akafariki dunia akiwa na umri wa miaka hamsini. Mwili utaondoka keshokutwa Jumatatu, nasi tutamzika Kamachumu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, ambao lugha yetu hawakuijua lakini walijifunza kumwita Mwalimu, mwenye nyumba wetu aliyepanda ghorofa sita kila siku na uji wa mchele, Bi Sihaba na akina mama wa Unguja waliopokezana zamu bila kuuliza yeye ni wa dini gani, Bwana Kariuki na ndugu wa Kenya walioshughulikia hati za kusafirisha mwili, na wafanyabiashara wote wa Liuhua.

Sarah Mwakalinga aliacha mzigo wake bandarini siku ishirini na tatu akamwogesha dada yetu asubuhi na jioni. Ameniomba nisiseme hapa kwamba amesamehe, kwa sababu neno hilo, anasema, bado halijamfika kinywani, na hataki limfike kwa kusukumwa na watu wanaolia. Nimemwahidi sitalisema. Nitasema tu lililoonekana kwa macho yetu, kwamba Jumatano jioni, sisi ndugu tulipokuwa tumerudi ukutani hatujui la kufanya, yeye ndiye aliyesogea akamfumba macho.

Dada Leokadia, Mungu Mwenyezi akupe pumziko, na amani ambayo sisi hatukuweza kukupa.