Sakafu za Mashemeji

Mheshimiwa Waziri wa Uchukuzi, Ndugu Katibu Mkuu, Mwenyekiti wa Bodi na wajumbe wako, wakandarasi na mafundi wa pande zote mbili, majirani mliokula vumbi letu bila kutushtaki, ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana: salaam nyingi, na karibuni kituoni.

Mji huu uliuona uwanja wake wa ndege kwa macho muda mrefu kabla ya kuufikia kwa urahisi. Nani kati yetu hajawahi kukwama kwenye foleni ya magari huku akiitazama ndege yake ikipaa juu ya kichwa chake? Nani hajamwamsha mgeni alfajiri kwa safari ya jioni? Leo reli imefika, na mimi, msimamizi wa mradi, nina furaha ambayo siwezi kuificha, wala sitaki.

Lakini Mwenyekiti ameniomba nieleze kwa nini tumechelewa. Magazeti yalisema handaki limejaa maji, mengine yakasema tumesahau kuagiza treni. Ukweli ni kwamba tulicheleweshwa na adabu.

Mpimaji mkuu wa reli amemwoa dada wa mpimaji mkuu wa uwanja wa ndege. Wote wawili wameketi mstari wa mbele pale, na tangu asubuhi wanajua kwamba nitawataja. Miaka yote ya ujenzi walikula pamoja kila Jumapili, wakazungumzia mpira, watoto na mvua. Kazi hawakuigusa. Kila mmoja aliona ni utovu wa adabu kumuuliza shemeji yake kama amepima sawasawa. Sasa, watu wa reli hupima kimo cha kila kitu kuanzia usawa wa bahari. Watu wa uwanja huanzia kwenye kigingi cha chuma kilichopigwa ardhini karibu na mnara wa zamani, enzi hizo hapa pakiwa nyasi na mbuzi, na kimo chake juu ya bahari kikakadiriwa tu. Kila upande uliandika kimo kilekile kwenye michoro yake, na kila upande ulikuwa sahihi kwa hesabu zake.

Siku tulipobomoa ukuta wa mwisho kati ya kituo na jengo la abiria, tulijipanga upande huu, tayari kushikana mikono na wenzetu. Tundu likafunguka, vumbi likatulia, na tukaona viatu. Sakafu yao ilikuwa juu ya yetu kwa kimo cha goti langu. Mpimaji wa uwanja ilibidi achuchumae ili amwone mume wa dada yake.

Ushauri ulikuja haraka: wekeni vipandio vitatu tu, fungueni siku iliyotangazwa, nani atajali? Waliosema hivyo ni watu wema, na baadhi yao wananipigia makofi ya heshima hapa hapa. Niliwajibu kwamba reli ya uwanja wa ndege hujengwa kwa ajili ya mtu mwenye mzigo. Ni mama mwenye mtoto mgongoni na begi kila mkono. Ni mzee anayekwenda kutibiwa, ameketi kwenye kiti cha magurudumu, anasukumwa na mwanawe. Tumlete mpaka mlangoni, halafu tumwambie mwanawe, haya, mbebe? Bodi ikaniambia wazi kwamba tarehe ikipita, huenda na kazi yangu ikapita nayo. Niliogopa, ndugu zangu, maana nina watoto wanaonitegemea. Lakini niligoma.

Sakafu yetu haikuweza kupandishwa, kwa kuwa jukwaa lazima lilingane na mlango wa treni. Ilibidi ukumbi mzima wa uwanja uvunjwe sakafu, na zege limwagwe upya kwa mteremko mpole. Na ukumbi ule ulikuwa umeshawekwa vigae, vimeng'arishwa mpaka unajiona meno. Mpimaji wa uwanja alikataa katakata. Alisema waliokosea ni watu wa reli. Shemeji yake akasema waliokosea ni watu wa uwanja, na Jumapili ile kila mtu alikula kwake.

Hapo akaingia mtu asiyekuwa na cheo chochote katika mradi huu: yule dada, mke wa mmoja na ndugu wa mwingine. Aliwaita nyumbani kwake, akaniita na mimi niwe shahidi. Chakula kilikuwa mezani, kimefunikwa.

"Mmestahiana vya kutosha," aliwaambia. "Leo gombaneni hapa mbele yangu mpaka mmalize, ndipo nifunue."

Waligombana, jamani. Yalitoka ya vipimo, yakatoka na ya harusini. Chakula kilipoa, kikapashwa moto, kikapoa tena. Jumatatu yake mpimaji wa uwanja alishika nyundo mwenyewe, akapasua kigae chake cha kwanza mbele ya mafundi wake. Kabla hajafika cha pili, watu wa reli waliingia na matoroli kuzoa kifusi, bila kuitwa na yeyote, shemeji yake akiwa ndiye anayesukuma toroli la mbele. Nimeshika kazi nyingi, na sijapata kujivunia watu kama nilivyojivunia wale.

Mheshimiwa Waziri, ulikubali kusogeza tarehe, ukakubali kuchekwa magazetini pamoja nasi. Tunakushukuru kwa dhati. Bodi, mliniacha kazini, nami nawashukuru, ingawa hamkuwa na haraka.

Sasa treni ya kwanza imeingia, na nimeiomba bendi isubiri. Abiria wanashuka na mabegi yao ya magurudumu, wanaelekea pale kituo kinapokutana na uwanja. Gurudumu moja likigonga ukingo, Mwenyekiti, leo leo najiuzulu. Naomba tunyamaze.

Begi jekundu limepita. Kile kiti cha magurudumu nacho kimepita, na anayekisukuma hata hakutazama chini. Mmesikia chochote? Na mimi sijasikia. Bendi, pigeni sasa. Nanyi nyote, asanteni sana kwa kunisikiliza.